"Ameteguka Tu": Sentensi Inayolemaza Watoto Wetu

Hivi jamani, nani alitufundisha kwamba kila mtoto anayeamka asubuhi anachechemea basi ameteguka? Jana alikuwa anakimbiza mpira wa makaratasi, leo hataki kukanyaga chini, na kabla hajamaliza kulia hukumu imeshatoka: "Ameteguka tu huyo, mkandeni." Bibi anasema hivyo. Jirani anasema hivyo. Mwenye duka la dawa anasema hivyo. Na kinachoniudhi zaidi, mtu aliyevaa koti jeupe, aliyesomeshwa kwa kodi zetu, naye anasema hivyo hivyo, tena bila kunyanyuka kwenye kiti.

Mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari, na kalamu yangu imezoea vikao vya madiwani na ajali za bodaboda. Lakini miezi kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye wodi ya mifupa ya watoto kufuatilia habari nyingine kabisa, nikatoka na hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Tangu siku hiyo nimekuwa nawasumbua madaktari kwa maswali na kusoma kila nilichokipata. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata, na sitayapamba.

Kwanza niutendee haki upande wa pili, nisije nikaambiwa natisha watu. Watoto wengi wanaochechemea ghafla hawana ugonjwa mkubwa. Kuna hali moja inayowapata sana wa umri wa miaka 3 hadi 10: mtoto anaugua mafua, anapona, kisha baada ya siku kadhaa utando wa ndani wa nyonga unavimba na kujaa maji. Anachechemea, analalamika paja au goti, lakini anacheka, anakula, joto la mwili haliko juu, na ukimbembeleza anakanyaga. Akipumzika na kupewa dawa ya kawaida ya maumivu, ndani ya wiki moja au mbili ameshasahau. Wengine wana mwiba. Wengine wana funza katikati ya vidole. Wengine ni viatu vipya vya shule vilivyonunuliwa saizi ya mwaka jana kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vya bei nafuu. Kwa hiyo anayesema "atapona tu" mara nyingi atakuwa sahihi.

Na hapo ndipo penye mtego. Mtu anayesema sentensi moja kwa kila mtoto, akapatia mara nyingi, anajiona bingwa. Akikosea hajui, maana yule aliyemkosea hamrudii. Anakwenda kulemaa kwingine.

Kule wodini nilikaa na mama mmoja, mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, mwanawe wa kiume ana miaka 7. Mtoto alianza kuchechemea Jumatatu. Siku hiyo hiyo alikandwa kwa maji ya moto na chumvi, kisha akachuliwa kwa dawa ya kuchua mpaka akapiga kelele nyumba ya tatu wakasikia. Jumatano hali ikawa mbaya zaidi, wakaenda duka la dawa, akapigwa sindano ya maumivu kwenye kalio. Usiku ule akalala vizuri, wote wakashukuru. Ijumaa akawaka moto, wakaenda zahanati. Mama alinionyesha daftari la matibabu, lile la kurasa chache tunalonunua dukani. Joto nyuzi 39. Kipimo cha malaria: hakuna. Chini yake pameandikwa UTI, na orodha ya dawa. Kuhusu mguu, ambao ndio uliompeleka pale, hakuna neno hata moja. Nikamuuliza kama mtoto alivuliwa suruali akaangaliwa. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Hapana kaka, alikuwa nimembeba mgongoni, sikuambiwa hata nimshushe."

Siku ya tisa alifika hospitali kubwa, akaingizwa chumba cha upasuaji, nyonga ikafunguliwa. Usaha. Nilipowakuta walikuwa na wiki kadhaa pale, na daktari alishamweleza mama kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimeharibika, kwamba mguu ule huenda usirefuke sawa na mwenzake. Mama hakulia mbele yangu. Alisema kitu kimoja tu ambacho nimekibeba hadi leo: "Yule wa zahanati angeniambia hajui, ningeenda kwingine siku ile ile."

Nyonga iko ndani sana, haivimbi ikaonekana kama goti. Bakteria, mara nyingi wale wa jamii ya stafilokoka, huingia kwenye damu kupitia kidonda kidogo au upele, wakaenda kutua kwenye kiungo. Usaha ukijaa, vimeng'enya vyake vinaanza kula gegedu, ile sehemu laini inayofanya mifupa iteleze, na kazi hiyo haichukui miezi. Ndani ya siku chache tu madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Tena kwenye nyonga kuna balaa la ziada, kwamba mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa inapita ndani ya mfuko ule ule wa kiungo. Usaha ukijaa, presha inaminya mishipa, mfupa unakosa damu, unakufa. Vidonge vya mdomoni peke yake haviokoi hapo. Usaha lazima utolewe, kiungo kioshwe, na dawa ya bakteria iingie kwenye mshipa.

Ndiyo maana kukanda kunanichefua. Najua nitashambuliwa. "Bibi zetu walitukanda na tumekua." Naam, ndugu yangu, wewe umekua, na ndiyo maana uko hapa unabishana. Hebu siku moja simama Kariakoo uwaangalie wanaume na wanawake wa makamo wanaotembea kwa kuinamia upande mmoja, mguu mmoja mfupi, nyonga imekauka. Ukiuliza utaambiwa "polio hiyo." Wengine kweli ni polio. Lakini polio inaacha mguu mwembamba na uliolegea. Aliyebaki na nyonga ngumu isiyokunjika, pengine na kovu la usaha uliojitoboa wenyewe pajani, ana hadithi nyingine, na hadithi hiyo mara nyingi ina sufuria la maji ya moto ndani yake. Kuchua kiungo chenye usaha, au mfupa uliovunjika, ni mateso yasiyo na faida hata chembe. Simtukani bibi, alitumia alichokuwa nacho. Sisi tuna simu mkononi, tuna digrii ukutani, na bado tunatafuta nani mtaani ana mkono mzuri wa kukanda!

Sasa niseme kuhusu sindano, maana hapa hasira yangu inapanda daraja. Mtoto anachechemea, hajulikani kwa nini, anapigwa sindano ya maumivu kwenye kalio. Madhara ni mawili kwa mpigo. Kwanza, maumivu yanazimwa kwa saa kadhaa na kila mtu anaamini amepona, wakati usaha unaendelea na shughuli zake. Pili, kwenye kalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka hadi unyayoni. Kwa mtoto mdogo mwenye kalio lisilo na nyama, sindano ikikosea kidogo inaujeruhi, na mtoto aliyeingia anachechemea kwa maumivu anatoka anaburuta mguu kwa kupooza. Miaka ile ya sindano za kwinini jambo hili lilijulikana sana kwenye wodi za Afrika Mashariki. Ukitaka kujua kama wataalamu wanalijua, angalia mtoto mchanga anapochanjwa kliniki. Anachomwa pajani, kwa mbele upande wa nje. Hawakuchagua paja kwa bahati.

Kuna kosa jingine ambalo hata wasomi tunalifanya: kuamini kidole cha mtoto. Mtoto anaonyesha goti, basi kila mtu anaangalia goti. Goti linapigwa picha, picha safi, mama anaambiwa arudi nyumbani. Kumbe tatizo liko nyonga! Mshipa wa fahamu unaohudumia nyonga unahudumia pia eneo la goti, ubongo unachanganya anwani. Kwa vijana wa miaka 10 hadi 16, hasa walio wanene, kuna ugonjwa ambao kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake kwenye sehemu inayokua, na wengine wao wanalalamika goti TU. Kila siku kijana huyo anayotembea kwenda shule, mfupa unaweza kuteleza zaidi. Kinachohitajika ni picha ya nyonga zote mbili, ya mbele na ya upande, na mtu mwenye akili ya kuiagiza. Basi kijana wako akisema goti, na goti lenyewe halina kitu, mwambie daktari kwa heshima zote: "Naomba umwangalie na nyonga."

Nimeambiwa na mshikaji wangu mmoja aliye sekta ya afya kwamba nawaonea watu wa zahanati, kwamba hawana vifaa, wagonjwa ni foleni mpaka nje. Foleni nimeiona, sibishi. Lakini nitajie kifaa kinachohitajika kumwambia mama "mshushe tumwone anatembeaje." Nitajie kifaa cha kumvua mtoto suruali, kuangalia unyayo na katikati ya vidole, kupapasa mfupa wa muundi, kulikunja goti, kisha kumlaza chali na kuzungusha mguu taratibu kulia na kushoto kuona kama nyonga inakataa. Kipimajoto kipo, maana waliandika 39! Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi naongeza kwamba anayempima mtoto juu ya nguo hapimi kitu. Mtoto mwenye homa ambaye halali kwa maumivu, hataki kuguswa mguu, hataki kusimama kabisa, huyo anahitaji hospitali yenye upasuaji LEO. Huyo haandikiwi dawa za UTI.

Na hata vipimo vya maabara vinavyosaidia hapa si vya ajabu. Mwaka 1999 madaktari wa Boston wakiongozwa na Mininder Kocher walitoa utafiti wa kutofautisha nyonga yenye usaha na ile inayovimba kwa mafua. Walipata alama nne: historia ya homa, kushindwa kukanyaga, chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 kwa maikrolita, na ESR ya 40 au zaidi. Mtoto asiye na alama hata moja, uwezekano wa usaha ulikuwa chini ya asilimia 0.2. Mwenye moja, asilimia 3. Mwenye mbili, asilimia 40. Tatu, 93. Nne, zaidi ya 99. Hospitali nyingine zilipojaribu zilipata asilimia za chini kuliko hizo, kwa hiyo si msahafu, lakini tazama alama mbili za mwanzo. Homa na kushindwa kukanyaga. Hizo hata mimi mwandishi naweza kuzipata kwa kuuliza. ESR nayo ni damu kwenye bomba jembamba lililosimamishwa kwa saa moja, unapima chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Kipimo cha zama za mabibi zetu! Altrasaundi nayo inaonyesha maji ndani ya nyonga, ila haisemi kama ni maji au usaha. Sindano ya kuvuta ndiyo inasema.

Picha ya eksirei nayo isitufanye tujisahau. Mfupa wenye maambukizi unaweza kuonekana mzima kabisa kwenye picha kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Ule ufa wa muundi wanaoupata watoto wanaojifunza kutembea, kwa kujizungusha tu wakaanguka, nao unaweza usionekane siku ya kwanza. "Picha haina kitu" haimaanishi mtoto hana kitu.

Halafu kuna sikoseli, na hapa Tanzania ni aibu kumzungumzia mtoto mwenye maumivu ya mifupa bila kuitaja. Makadirio yanayotumika ni kwamba kila mwaka tunapata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nayo, tuko miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Wengi wa watoto hao ugonjwa wao haujulikani mpaka siku mifupa inapouma au viganja na nyayo zinapovimba. Mtoto wa sikoseli anaweza kuchechemea kwa sababu chembe zimeziba mishipa, au kwa sababu mfupa umeshambuliwa na bakteria (kwao hata salmonela, ndugu yake taifodi, hupenda mifupa), au kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu. Vyote vitatu vinafanana kwa nje. Kumpa huyu panado na kumwambia ameteguka ni kumtelekeza.

Mpaka hapa nimezungumzia mguu unaouma. Upo mguu usiouma ila umekosa nguvu, na huo una sheria zake kabisa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla anatakiwa kuripotiwa kwa mganga wa wilaya, na zichukuliwe sampuli mbili za choo kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegee. Haijalishi daktari anadhani ni nini. Wangapi wetu tunalijua hilo? Tulitangazwa kuwa tumeshinda polio mwaka 2015, tukajisahau. Februari 2022 Malawi ikatangaza kisa cha polio pori, mtoto aliyepooza Novemba 2021, virusi vyenye asili ya Pakistan. Msumbiji ikafuata mwaka huo huo. Mwaka 2023 ikawa zamu yetu, Rukwa, aina ile inayotokana na virusi vya chanjo vinavyozunguka kwenye jamii ambamo watoto wengi hawajachanjwa. Visa vya namna hiyo vinagunduliwa kwa sababu kuna mtu alimwangalia mtoto, akauliza, akachukua choo. Mtoto wa namna hiyo akiishia kwa mkandaji kwa wiki tatu, virusi vinatembea kijiji kizima.

Na kama ni miguu yote miwili, imekakamaa badala ya kulegea, uliza wamekula nini. Mwaka 1985 wakati wa ukame, Tarime mkoani Mara, watoto na akina mama walikakamaa miguu ghafla. Ilikuwa konzo, sumu ya sayanaidi kutoka kwenye mihogo michungu iliyoliwa bila kuandaliwa vya kutosha kwa sababu njaa haikusubiri. Ulemavu wake haurudi nyuma. Ndani ya nyumba moja wanaweza kuugua wawili, na wewe unajua mtaani kwetu watasema nini wakiona watoto wawili wa nyumba moja wamepooza. Watatafuta mchawi, na jirani mzee mwenye macho mekundu ndiye atakayeumia.

Mengine nayataja kwa haraka, si kwa sababu ni madogo. Mtoto anayechechemea huku amepauka, anaamka usiku kwa maumivu ya mifupa, ana michubuko isiyo na sababu: damu ichunguzwe, saratani ya damu huanza hivyo. Mwenye mgongo unaouma na kinundu kinachochomoza: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa na mfupa wa paja umevunjika, huku maelezo ya nyumbani yanabadilika kila yakiulizwa: kuna mtu amemfanyia hivyo, na simu ya watoto ni 116. Na mtoto wa chini ya miaka 3, jamani, huyo msimkalie kusubiri, maana ile nyonga ya mafua si kawaida sana kwake, usaha na mivunjiko ndivyo vya kuhofia. Kichanga ndiyo kabisa. Hachechemei, yeye anaacha tu kurusha mguu mmoja, na analia ukimbadilisha nepi.

Habari ya yule mtoto wa wodini niliiandika. Maneno 900, pamoja na maelezo ya madaktari wawili. Mhariri aliisoma mpaka mwisho, nampa heshima yake kwa hilo, kisha akaniuliza: "Wamekufa wangapi?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akanirudishia, akasema niitafutie upande wa siasa.